Anayetaka hempu Urambo aanze na mlenda

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mkulima wa tumbaku Urambo, mkoani Tabora. Nimekuwa nikiona kwenye simu video za Ulaya na Marekani, watu wanatengeneza nguo, karatasi, kamba, hadi kuta za nyumba kutokana na mmea unaoitwa hempu. Wanasema hauhitaji maji mengi wala dawa, na unaokoa misitu. Huku kwetu misitu inaisha kwa kukaushia tumbaku. Najua ni ndugu wa bangi lakini wanasema huo haulevyi. Je, naweza kuulima? Na kama haiwezekani, sisi tunaweza kufanya nini na mimea ya huku?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Nianze na la kukuepusha na matatizo: usipande. Usipande hata mche mmoja wa majaribio nyuma ya bani, lile banda la kukaushia tumbaku. Sheria yetu ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 haitenganishi bangi ya kuvuta na bangi ya nyuzi. Zote ni mmea mmoja, na anayeulima anakabiliwa na kifungo cha miaka mingi. Wenzetu wanaoruhusu hupima kemikali ya THC, ile inayolevya. Marekani tangu mwaka 2018 mpaka wao ni asilimia 0.3, na Umoja wa Ulaya nao ukafika hapo mwaka 2023. Hata Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa dawa za kulevya wa 1961 unasema wazi kwamba hauhusu bangi inayolimwa kwa ajili ya nyuzi na mbegu za viwandani. Lakini mkataba unaiachia kila nchi iamue, na Malawi waliamua mwaka 2020, Afrika Kusini 2021. Sisi bado. Askari atakayeikuta shambani kwako hatakuuliza asilimia. Na ukikuta mtu mtandaoni anakuuzia mbegu kwa maneno kwamba "hii ni ya viwandani, haina shida", mpite.

Hata hivyo swali lako ni zito kuliko jambo la ruhusa. Umeona mmea mmoja unafanya kazi kumi, ukajiuliza kwa nini sisi tunalima zao moja la kazi moja. Hilo nataka tulizungumze vizuri, kwa sababu sehemu kubwa ya unachokipenda katika hempu haimo kwenye hempu. Imo katika kujua kulishughulikia bua.

Bua la hempu lina sehemu mbili. Nje kuna ganda lenye nyuzi ndefu, ambalo ni kama robo ya uzito wa bua likishakauka. Ndani kuna moyo mweupe, mwepesi, wenye vitundu vidogo sana, ndio robo tatu zinazobaki. Ukielewa mgawanyo huo umeelewa karibu kila kitu kilichomo kwenye video zako.

Ganda ndilo lililoifanya hempu iheshimike kwa karne nyingi. Kamba na matanga ya meli za Ulaya yalitoka humo. Kamba ikichakaa haikutupwa. Ilichambuliwa nyuzi moja moja, ikapakwa lami, ikasindiliwa kwenye nyufa za mbao za meli, yaani kazi ileile ya kukalafati ambayo maboti ya mbao ya Kigoma hufanyiwa hadi leo. Karatasi nayo ina historia ndefu na mmea huu: Cai Lun wa China, anayetajwa kuwa aliboresha utengenezaji wa karatasi mwaka 105, alitumia magome ya miti, hempu, matambara na nyavu chakavu za wavuvi. Siku hizi karatasi ya hempu ni ghali, kwa hiyo imebaki kwenye kazi zinazotaka karatasi nyembamba isiyochanika: kurasa za Biblia, na karatasi za sigara. Yaani inawezekana kabisa tumbaku unayoivuna Urambo ikaishia ndani ya karatasi yenye nyuzi za hempu. Fundi bomba naye, yule asiyependa tepu, huzungusha nyuzi kavu kwenye meno ya bomba kabla ya kukaza. Ulaya nyuzi hizo huwa ni za hempu au kitani. Zikipata maji hufura na kuziba.

Nguo zipo pia, na ni nguo nzuri. Mwanzoni ni kavukavu mwilini, kadiri unavyoifua inalainika, na inadumu. Ila nyuzi za hempu zimegandamana kwa gundi ya asili ya mmea. Ili zipite kwenye mashine za pamba inabidi zitenganishwe na kufupishwa kwa mvuke au kemikali. Hiyo ni kazi ya kiwanda chenye mtaji mkubwa, haifanyiki kijijini.

Moyo wa bua ndio umepata maisha mapya karibuni. Kwa miaka mingi uliozeshwa au kuchomwa, baadaye ukawa matandiko ya mabanda ya farasi kwa sababu unafyonza maji sana. Kisha Wafaransa, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, wakaanza kuuchanganya na chokaa na maji, wakausindilia kwenye fremu za mbao na kupata ukuta mwepesi unaozuia joto na baridi. Mita moja ya ujazo ya ukuta huo ina kilo 300 hadi 400 hivi. Zege la kawaida lina kama kilo 2,400. Ila video nyingi hazisemi kwamba ukuta huo haubebi paa. Kinachobeba paa ni fremu ya mbao, ukuta ni kijazio tu. Atakayejenga kwa matofali ya hempu pekee bila fremu, akapandisha bati, atakuwa amejitegea mtego.

Mbegu sina mengi ya kusema juu yake. Zina mafuta kama theluthi ya uzito wake na protini kama robo, watu wanazila na kukamua mafuta. Alizeti na karanga zetu zinatosha kabisa kwa kazi hiyo, sioni sababu ya kuzionea wivu.

Sasa tuje kwenye sifa zilizovimbishwa. Utakuwa umesikia kwamba ekari moja ya hempu inatoa karatasi sawa na ekari nne za miti. Maneno hayo yana asili ya kweli: yametoka kwenye chapisho la Wizara ya Kilimo ya Marekani la mwaka 1916, lililopiga hesabu ya miaka 20. Lakini hesabu hiyo ilihusu malighafi, haikuhusu shida ya kuiendesha biashara. Mti unasimama msituni hadi kiwanda kiuhitaji. Hempu inaiva yote kwa msimu mmoja, ina ujazo mkubwa na uzito mdogo, na lazima ihifadhiwe pakavu mwaka mzima. Wewe uliyewahi kusafirisha mabua ya mahindi kwa mkokoteni unajua nauli ya kubeba hewa. Ndiyo maana viwanda vya mabua vinavyofaulu hujengwa karibu kabisa na mashamba.

Kuhusu dawa, ni kweli kwamba ikipandwa kwa kubanana inafunika magugu na haisumbuliwi na wadudu wengi. Kuhusu maji, inataka kama milimita 500 hadi 700 za mvua katika msimu wake, kwa hiyo mvua za Tabora zingeitosha. Ila mbolea inaila, hasa ya naitrojeni, na haipendi udongo unaotuamisha maji. Anayekwambia inaota popote bila kitu anazungumzia magugu ya kando ya njia, hazungumzii zao la kuuza.

Na kuna jambo ambalo sijaona hata video moja ikilitaja. Hempu inaongozwa na urefu wa mchana. Kule Ulaya wakati wa kiangazi chao jua linakaa angani saa 15, 16 na zaidi, na mmea unarefuka tu hadi mita 2 au 3 na kuendelea. Mchana ukianza kufupika ndipo unachanua. Urambo iko nyuzi 5 tu kusini mwa Ikweta. Mchana wetu ni kama saa 12, mwaka mzima. Mbegu ya Kifaransa ukiiotesha huku itaona mchana mfupi tangu siku ya kwanza, itachanua ingali fupi, na bua ndiyo basi. Hata siku sheria ikibadilika, kitakachohitajika kwanza ni miaka ya utafiti wa mbegu zinazofaa ukanda huu. Kwa hiyo usijione umechelewa.

Sasa nije kwenye sehemu ya pili ya swali lako, na hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Tazama jafafa, lile gunia la kufungia mtumba wa tumbaku. Ni la jute, na unajua jinsi wanunuzi wanavyokataa nyuzi za plastiki ndani ya tumbaku. Jute nyingi ya dunia inalimwa India na Bangladesh, kwenye bonde la mto Ganges. Mmea wenyewe ni wa jamii moja na mlenda. Simaanishi wanafanana kwa mbali. Aina moja ya jute ya biashara ndiyo hiyohiyo ambayo sehemu nyingi za Afrika huchumwa kama mboga ya kuvuta, na milenda mingine ya porini Tabora ni ndugu zake wa karibu. Sisi tunakula majani na kutupa bua. Wao wanaacha bua lirefuke, wanavua ganda, wanatufungia tumbaku yetu.

Kazi yenyewe haina siri na ningependa uijaribu kwa mikono yako. Panda kwa kubanana ili mmea urefuke bila kutoa matawi. Ukiuacha na nafasi utapata kichaka kizuri cha mboga na nyuzi mbovu. Kata unapoanza kuchanua, kabla mbegu hazijakomaa, kwa sababu baada ya hapo ganda linakuwa gumu. Funga mabua mafungu ya kubebeka, yaache siku mbili tatu shambani majani yapukutike, kisha yaloweke kwenye maji yaliyotulia yakiwa yamezama kabisa. Wekea magogo juu, usiweke udongo, utachafua rangi. Vijidudu vya majini vitaanza kula ile gundi inayoshikilia ganda kwenye moyo.

Kuanzia siku ya saba, toa bua moja kila asubuhi. Livunje upande wa shina, vuta ganda taratibu. Likikatika vipande, bado. Likitoka utepe mmoja mrefu, linateleza kama kamasi ya mlenda uliokolea, limefika. Toa yote siku hiyohiyo. Ukichelewa siku tatu, vijidudu vikimaliza gundi vitahamia kwenye nyuzi zenyewe, nawe utapata kitu kizuri kwa macho kinachokatika ukikivuta. Kwa joto la kwetu kazi huisha kati ya siku 8 na 14 hivi. Ukishatoa, gonga upande wa shina kwa rungu la mti hadi nyuzi zifumuke, shika hapo, vuta, suuza kwa kupigapiga juu ya maji, anika kambani. Kilo 100 za mabua mabichi zitakupa kama kilo 5 za nyuzi kavu. Usikate tamaa ukiona kidogo. Ndivyo ilivyo kwa jute, na mkonge pia hautoi zaidi ya kilo 4 hivi kwa kila kilo 100 za majani. Moyo wa bua unaobaki, mweupe na mwepesi, ni kuni za kupikia na fito za uzio. Bangladesh wanaupikia miaka yote.

Tafadhali, usiloweke kwenye bwawa linalotumiwa na watu wala kwenye mto. Kuoza huko kunamaliza hewa majini na samaki wanakufa, na harufu yake inagombanisha majirani. Maji ya upande wenu yanaelekea Malagarasi, na ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi ndiyo ya kwanza nchini mwetu kuorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu, mwaka 2000. Chimba shimo lako, tandika turubai, na maji yakishatumika mwagia migomba. Ni mbolea.

Kuna kenafu pia, ndugu wa bamia na choya, mmea wa asili ya Afrika hii hii. Nyuzi zake zinafanana na za jute, na viwanda vya magari huzitumia pamoja na hempu na kitani kutengenezea mbao nyepesi za ndani ya milango. Tahadhari mbili tu. Majani yake yamegawanyika vidole kama ya bangi, kiasi kwamba mtu asiyejua ataapa ni bangi. Ukipanda, mjulishe mwenyekiti wa kijiji na ofisa ugani mapema, askari wasije wakafika kabla ya maua yanayoonyesha kwamba si bangi. Pili, kenafu nayo inaongozwa na urefu wa mchana, kwa hiyo mbegu lazima iwe ya ukanda wa joto. Mbegu yoyote ya kutoka nje inapitia Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, haiingii kwenye begi la mgeni.

Na hapa ndipo mkulima wa tumbaku anahitaji kuwa makini zaidi kuliko mwingine yeyote. Minyoo fundo, ile inayovimbisha mizizi ya tumbaku, inapenda pia bamia, kenafu na jute. Ukipanda nyuzi hizi kwenye shamba lililotoka tumbaku utakuwa unawalisha minyoo wakisubiri msimu ujao. Panda mahali pengine. Kwenye shamba la tumbaku weka marejea, mmea wa jamii ya mikunde. Marejea inawapunguza minyoo hao, inaongeza naitrojeni ardhini, na bua lake lina ganda la nyuzi. Ndugu yake wa India hulimwa kabisa kwa ajili hiyo, anasokotwa kamba na nyavu. Ukiniuliza ni mmea gani mmoja ningeanza nao kwenye shamba la tumbaku Urambo, ningekutajia huo kabla ya mwingine wowote, hata kama nyuzi zake zingekuwa za kufungia mitumba tu. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Tumbi, pale nje kidogo ya Tabora mjini, kiko karibu nawe. Waulize kuhusu aina na nafasi ya kupanda.

Mkonge sitausema sana. Uko kwenye nyua za watu, Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893 na nchi ikaishi kwa huo miongo mingi. Nyuzi zake ni ngumu na imara, kwa kamba hauna mpinzani. Lakini unataka miaka mitatu kabla ya kukata majani ya kwanza, na bila korona, ile mashine ya kuchakata, utaparua jani moja moja kwa kisu hadi mikono itoke damu. Kama tayari una ua wa mkonge, tumia. Usiupande leo ukitegemea ada ya mtoto ya mwakani. Ndugu zetu wa Kasulu na Buhigwe wenye migomba wana nyuzi za bure kwenye kila shina wanalolikata baada ya kuvuna mkungu, nazo zinafaa vikapu, mikeka na karatasi nzito; kwenu migomba ni michache.

Umetaja misitu, na hapo sitaki kukudanganya. Hakuna mmea wa nyuzi utakaopunguza kuni za bani lako. Hilo linatibiwa na mabani yanayotumia kuni kidogo, na kila mkulima kuwa na shamba lake la miti. Nyuzi zinaokoa msitu pale tu zinapochukua nafasi ya kitu kinachokata mti. Na kitu hicho kwenu kipo: kamba za magome. Mtu akitaka kamba ya kufungia fito, kuni au mzinga anauvua mwombo ganda, na mti uliovuliwa kuuzunguka unakufa umesimama. Nenda kwa warina asali wa Sikonge na Kaliua, waulize kwa msimu mmoja wanatumia kamba kiasi gani. Hilo ndilo soko lako la kwanza. Liko jirani, halihitaji kiwanda, na kila kamba unayouza ni mwombo uliobaki na maua yake kwa nyuki wa mteja wako huyohuyo.

Soko la pili ni vikapu na mifuko. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, watu wanahitaji cha kubebea, na hii mifuko laini ya viwandani nayo ina plastiki ndani yake. La tatu, lenye pesa zaidi na ugumu zaidi, ni nyuzi za kufungia majani ya tumbaku kwenye AMCOS zenu, yaani vyama vyenu vya ushirika. Mnazinunua kwa mkopo wa pembejeo kila mwaka. Kikundi kikiweza kusokota uzi unaolingana unene na usioacha vipande kwenye jani, mna hoja ya kupeleka mkutanoni. Msiipeleke kabla hamjaweza, kwa sababu mtumba ukikataliwa sokoni kwa ajili ya uzi wenu hakuna atakayewasikiliza tena.

Na ule ukuta wa hempu na chokaa ulioupenda? Wazo lake halihitaji hempu. Watafiti wamejaribu mabua ya alizeti na pumba za mpunga kwa chokaa, na vyote vinashika, kwa masharti yaleyale: fremu ya kubeba paa, msingi unaozuia maji ya chini, na paa lenye ukingo mpana. Nzega na Igunga pumba za mpunga zinachomwa kandokando ya mashine. Anza na ukuta wa banda la kuku, uone mvua za masika zinaufanyaje kabla hujalala ndani yake.

Msimu huu, basi, tenga robo ekari isiyotoka tumbaku uoteshe mlenda mrefu mvua za Novemba zikishika, na weka marejea kwenye kipande cha tumbaku unachokipumzisha. Mbegu ya mlenda huna haja ya kuinunua. Waombe kina mama wakuachie mashina machache yazae.